Analala, Anakula, Anacheka

4 Machi

Wifi yangu,

Salamu nazifupisha, utanisamehe. Nikianza kuuliza habari za shule na za wasichana wa bweni lako nitaishiwa nguvu kabla sijafika ninakotaka kufika. Simu yako haipatikani, na nakumbuka ulisema huko mtandao mpaka mtu apande juu ya tenki la maji. Basi barua hii nampa dereva wa lori la unga, yule anayeleta mzigo shuleni kwenu kila Ijumaa.

Wifi, mdogo wako amenishinda.

Haamki. Sisemi anachelewa kuamka, nasema haamki. Asubuhi namwita, anaitika vizuri kabisa, "Naam mke wangu, nakuja," na mimi mjinga naenda kufungua karakana, nafagia vumbi la mbao, nakaa kwenye cherehani yangu nikimsubiri. Mchana narudi nyumbani namkuta palepale, shuka mpaka utosini. Akijikokota akafika karakana, anatafuta kochi la mteja na kulala. Juzi mwenye kochi kaja kulichukua, kamkuta fundi anakoroma juu yake mdomo wazi. Mteja alicheka sana. Mimi sikucheka.

Kazi yetu unaijua. Yeye fremu na sponji, mimi vitambaa. Foronya nilizoshona zimejaa mpaka dirishani, na makochi ya kuzivaa hayapo. Wateja wameanza kupeleka kazi kwa fundi wa mtaa wa pili.

Na kula anakula! Mkate mzima unaisha na chai ya asubuhi anayoinywa saa nane. Nikigeuza mgongo sufuria imekwanguliwa. Suruali zake nimezitanua kiuno mara mbili tangu Desemba. Nikimuuliza una nini, anasema amechoka. Amechoka na nini, wifi? Na kugeuka ubavu?

Kinachoniuma zaidi ni hiki: wakija rafiki zake anachangamka, anawavunja mbavu, anaimba. Wakitoka mlangoni, anarudi kitandani kama mtu aliyetolewa betri. Kwa hiyo watu wanapata kicheko, mimi napata mgongo.

Hamsikilizi mtu ila wewe, wewe ndiye uliyemlea. Njoo uzungumze naye, uone mwenyewe. Usipokuja, mimi nitarudi kwetu. Sisemi hivi kukutisha. Nasema kwa sababu nimechoka, na mimi nikisema nimechoka kuna kazi ya kuonyesha.

Wifi yako

•

9 Machi

Wifi,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye baraza la bweni, kisha nikaenda kukaa nikaisoma tena, nikidhani labda ni macho yangu.

Sasa nisikilize. Yule mtoto nimemlea tangu ana miaka tisa. Mama alipougua baada ya baba kufariki, mimi ndiye niliyekuwa namshika mama kwa mkono mmoja na yeye, Tumbili wangu, namshika kwa mkono mwingine. Kwa hiyo mtu mgonjwa namjua. Mama alikaa kwenye mkeka akikodolea ukuta. Hakulala. Hakuonja hata uji. Ungemletea habari gani, njema au mbaya, uso ulikuwa uleule. Akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni yenyewe. Tangu hapo kwetu kipimo ni kimoja: analala? anakula? anacheka? Basi ni mzima, tushukuru.

Wewe mwenyewe umeandika kwa mkono wako kwamba analala, anakula, anacheka. Sasa unalalamika nini?

Tena barua zake ninazo hapa. Ile ya mwezi uliopita niliwasomea walimu kwenye chumba cha chai, mwalimu wa hesabu akapaliwa. Mtu mwenye matatizo haandiki hivyo. Nisamehe kwa ninachotaka kusema, lakini mwanaume akichangamka kwa rafiki zake na kupoa kwa mke wake, tatizo si la mwanaume peke yake. Angalia unavyomsemesha. Karakana na nyumba ni vitu viwili, huenda umevichanganya.

Kuja siwezi. Muhula uko katikati na nina wasichana mia mbili ambao nikigeuka tu wanahamisha vitanda. Nitamwandikia, nimkumbushe majukumu yake. Atanisikia.

Wifi yako

•

14 Machi

Kwa Matroni Mkuu, Kamanda wa Ndoo na Vyandarua, dada yangu mpendwa,

Lori la unga limefika na dereva kasimama mlangoni kama balozi, kanikabidhi kile kifurushi cha sabuni na soksi ulichonitumia na kijikaratasi chako cha "vaa." Nimevaa zote mbili, za kijani na za bluu, kila mguu na chama chake.

Habari za huku ni kubwa. Kwanza, nimegundua njia mpya ya kupima ubora wa kochi: fundi analala juu yake mpaka mteja aje. Mteja akikuta fundi anakoroma, anajua sponji ni nzuri, hakuna haja ya maneno. Mke wangu haafiki utafiti huu. Yeye anaona sayansi ni kushona tu.

Pili, kuna mama mmoja mteja wetu, mnene wa sauti, alisema mkono wa kulia wa kochi lake umepanda kuliko wa kushoto. Nikamwambia, mama, hata mabega ya binadamu hayalingani, itakuwa kochi! Kusema ukweli sikumwambia hivyo. Nilimwambia samahani. Kisha nikaenda nyumbani kupumzika kidogo. Lakini jibu la mabega ndilo ningempa, ungependa.

Tatu, nyundo za siku hizi nadhani wanaongeza chuma. Nikiinyanyua naona kama imeshikwa na mtu upande wa pili. Nitalalamika kiwandani.

Nne, nimenenepa. Ukiniona utaniamkia ukidhani ni mjomba.

Dada, barua zako zikifika siku inakuwa siku. Andika tena upesi, hata kunigombeza.

Mdogo wako,
Tumbili, Waziri wa Sponji na Misumari

•

20 Machi

Tumbili,

Nimecheka mpaka nikafuta miwani. Sasa nimemaliza kucheka, na wewe maliza.

Mkeo ameniandikia. Sikutaka kumwamini, nikamjibu vibaya hata, lakini barua yako imethibitisha kila alichosema, ila wewe umekipaka sukari. Unalala kwenye makochi ya watu. Unakula kama gulio zima. Mama wa watu amekwambia mkono wa kochi umepanda, badala ya kushusha mkono wa kochi umeenda kulala! Nyundo nzito? Ile nyundo ni ya baba, ina umri kukushinda, haijaongezewa chuma na mtu yeyote.

Ulimwona mama. Ulikuwa mdogo lakini ulimwona. Yule aliumwa. Wewe unaumwa nini? Nitajie kiungo kimoja. Huna. Huo ni uvivu, na uvivu naujua, naishi nao bweni zima: siku ya usafi matumbo yanawauma, kengele ya chakula ikilia wanapona wote kwa pamoja. Sikudhani nitauona kwenye damu yangu.

Sikuacha shule ili nilee mwanaume wa kufunikwa shuka mchana. Ukipata barua hii, kesho yake uamke kabla ya mkeo. Ufungue karakana wewe. Umrekebishie yule mama kochi lake. Kisha uniandikie kwamba umefanya, bila vichekesho.

Dada yako

•

2 Aprili

Wifi,

Nimeona ulivyomwandikia. Hakunionyesha yeye, niliikuta chini ya mto nilipokuwa natandika upande wangu wa kitanda, maana upande wake hautandikiki.

Uliniambia niangalie ninavyomsemesha. Haya.

Siku barua yako ilipofika aliipokea mwenyewe, anacheka na dereva, kainuka kitandani kwa ajili yake, kanawa uso. Kaisoma amesimama. Akaikunja vizuri sana, akaenda chumbani. Tangu siku hiyo hajatoka isipokuwa kwenda chooni na jikoni. Karakana haijui. Yule mama wa kochi alimwambia neno moja tu mwezi uliopita akalala siku kadhaa, mimi nikaona ni deko. Sasa wewe umemwambia ukurasa mzima.

Nilimpeleka zahanati. Ndiyo, nilifanikiwa, nilimbeba kwa maneno na bodaboda. Unajua kilichotokea? Kuona tu mtu mpya, akawaka! Akamtania daktari kuhusu kiti chake kinavyolia, akamwambia alete karakana. Daktari akacheka. Akamuuliza, unalala? Ndiyo. Unakula? Mno! Akampima presha, akampa vitamini, akaniambia mimi, mimi wifi, kwamba nina bahati ya kuwa na mume mchangamfu. Nilitaka kukilipua kile kiti. Tulipofika nyumbani alishindwa kuvua viatu. Aliketi ukingoni mwa kitanda akiangalia kamba za viatu, nikamvua mimi.

Na hilo ndilo nataka ulielewe. Barua zako zikifika anachangamka, anashika kalamu palepale, anakuandikia. Anamaliza, anabandika bahasha, analala. Hakuna siku amekuandikia kesho yake. Hana uwezo huo kesho yake. Wewe unapata barua za saa moja. Mimi naishi na saa zilizobaki.

Sidhani ni uvivu. Nilidhani, na nimemtukana kwa hilo pia, usidhani niko juu yako. Lakini mvivu anafurahia uvivu wake. Huyu hafurahii.

Wifi yako

•

7 Aprili

Wifi,

Sikupenda barua yako, na nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Unataka niamini kwamba mtu anaumwa na wakati huohuo anamtania daktari. Nimemkumbuka mama, najaribu kumweka pembeni ya Tumbili, hawafanani hata kidogo. Mama hakumtania mtu. Kama huu ni ugonjwa, mbona haufanani na ugonjwa?

Lakini hilo la viatu limenikaa. Mtoto huyu nilimfundisha mimi kufunga kamba.

Nimemwandikia kibarua kidogo, kiko ndani ya bahasha hii. Nimemwomba radhi kwa ukali na kumtaka aende hospitali kubwa, kwa daktari hasa, si wa vitamini. Mpe akiwa ameketi.

Wifi yako

•

11 Aprili

Dada yangu, Kamanda uliyeteremka cheo kwa hiari,

Radhi imepokelewa, imepigwa muhuri, imewekwa kabatini! Ulidhani nimekasirika? Mimi? Nilikuwa nimepumzisha sauti tu, kama waimbaji wakubwa.

Hospitali nitakwenda. Jumanne ijayo, asubuhi na mapema, nimevaa shati jeupe na zile soksi za vyama viwili. Nimemwambia mke wangu aniamshe, na akinikosa kwa maneno aje na maji. Nitamwambia daktari kila kitu, mpaka nilivyoiba peremende zako nikamsingizia jirani. Nikitoka hapo nampitia yule mama, nashusha mkono wa kochi. Nikimaliza natengeneza fremu tatu. Unaona? Nimepona hata kabla ya sindano.

Usiwe na wasiwasi tena. Mambo shwari.

Tumbili, Mgonjwa Mtarajiwa

•

19 Aprili

Wifi,

Hakwenda.

Jumanne nilimwamsha kwa maneno, nikamwamsha kwa maji, kweli nilimwagia maji! Aliniangalia, maji yanamchuruzika, akasema "Samahani mke wangu," akageukia ukutani kwenye shuka bichi. Shati jeupe limening'inia mlangoni mpaka leo, nimelipiga pasi bure. Najua alikuandikia atakwenda. Alimaanisha. Wakati anaandika alimaanisha kila neno, nilikuwa nimesimama jikoni nikamsikia anajichekea. Ahadi zake zinaisha pamoja na ile saa.

Sasa nikwambie lingine, na nalisema mara moja. Jana alikuwa anakula, mimi nachagua mchele. Akaniuliza kwa utani, "Nikifa utaolewa na nani, yule fundi wa mtaa wa pili?" Nikamwambia aache upuuzi. Akacheka. Kisha akasema, bado anatabasamu, "Lakini mngepumua, wewe na dada." Nikaacha kuchagua mchele. Nikamuuliza, unafikiria kujidhuru? Akasema hapana, hana hata nguvu hiyo. Akaona hilo nalo ni kichekesho. Nyembe na sumu ya panya nimezipeleka kwa jirani, na jirani anamchungulia nikiwa karakana.

Naogopa, wifi. Na nina hasira, naogopa kwa hasira. Kila mtu anayemwona kwa robo saa ananiambia mume wangu mzima. Mpaka nimeanza kujiuliza labda mimi ndiye niliyerukwa na akili.

Begi langu nimeshalifunga. Nimempa dereva barua hii mkononi, nimemwambia asikupe mpaka akuone unaifungua. Nitakusubiri mpaka Jumapili. Jumapili nakwenda kwetu, na jirani atabaki na ufunguo. Siwezi kumshikilia peke yangu huku naambiwa hakuna ninachoshikilia.

Usimwandikie. Nakuomba, usimwandikie. Njoo.

Wifi yako

•

6 Mei
(kutoka nyumbani kwako)

Wifi yangu,

Nilichelewa siku moja. Mkuu wa shule alininyima ruhusa, nikaondoka bila ruhusa. Nilipofika jirani akanipa ufunguo na jicho baya, nililistahili.

Naandika nimekaa kwenye cherehani yako, maana ndicho kiti pekee humu kisicho na historia ya usingizi. Sikuandikii kukuomba urudi. Nakuandikia kukuambia nilichokiona, kwa kuwa ulitaka mtu mmoja akione.

Aliponiona aliruka. Wifi, aliruka! Akanibeba juujuu mimi na mwili wangu huu. Siku hiyo alichemsha chai, akafagia karakana, akapiga fremu nzima ya kochi la watu wawili akiimba. Siku ya pili vilevile. Nikasema moyoni, na nakiri nilisema kwa ushindi, kwamba hakuna kitu hapa, nyumba ilikuwa inakosa furaha tu. Nilishachukua kalamu nikuandikie maneno hayo.

Siku ya tatu tulikuwa mlangoni mwa karakana, yule mama wa kochi akapita upande wa pili wa barabara. Tumbili akampungia mkono. Yule mama hakumwona, alikuwa anabishana na muuza ndizi. Hakumwona tu, wifi, hakuwa na neno naye. Mkono wa Tumbili ukabaki juu kidogo, ukashuka. Akasema, "Naingia ndani mara moja." Hakutoka tena.

Nikafanya kama bwenini. Nikavuta shuka, nikafungua madirisha, nikapiga kelele. Nikamletea chai, akanyoosha mkono kuipokea, mkono ukafika nusu ukarudi kwenye godoro. Nikadhani ni maigizo. Nikaunyanyua mimi. Ulikuwa mzito kama mkono wa mtu aliyelala fofofo, na macho ya mwenyewe yako wazi yananitazama. Hapo akalia. Akasema, "Dada, mimi nataka kuinuka. Kila asubuhi nauambia mwili inuka, hauniitikii. Lakini usinionee huruma, mimi si kama mama. Mama aliumwa kweli. Mimi ni mvivu tu, wewe mwenyewe ulisema."

Mimi mwenyewe nilisema. Kwa wino.

Hospitali kubwa tulikwenda kwa gari la jirani, nimemshika kwapani. Mlangoni kwa daktari, nakuapia, akawaka! Akaanza na habari ya pazia la daktari, kwamba limeshonwa na mtu mwenye haraka. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, akaanza kutabasamu. Nikapiga meza. Nikasema, "Daktari, usicheke! Huyu akichekesha haonekani." Akaweka kalamu chini. Akamwambia Tumbili asubiri kidogo na kucheka, akaniuliza mimi. Nikamsomea barua zako. Zote nilikuja nazo.

Alimuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Si kama analala, bali kama akiamka anajisikia amelala. Si kama anakula, bali kama anasikia njaa. Je, mikono na miguu huwa mizito? Je, mtu akimkosoa, au akidhani amemkataa, inamchukua muda gani kuinuka? Tumbili akajibu moja moja, sauti inapungua, mpaka utani ukamwisha na bado maswali yapo.

Daktari akasema ni sonona. Nikamwambia sonona naijua, imemuua mama yangu, haifanani na hii! Akasema haina sura moja. Mwingine inamnyima usingizi na chakula, na hakuna kinachomfurahisha. Mwingine inamzidishia vyote viwili, inamjaza uzito mwilini, neno dogo linamwangusha, na habari njema inamwinua. Inamwinua kweli, haigizi, ila haimshiki. Wa namna hiyo wanaitwa wavivu miaka na miaka, hata na wao wenyewe. Lile swali lako la kujidhuru alimuuliza tena, waziwazi, akasema ulifanya sawasawa kuuliza na kuondoa nyembe. Amepima damu kuhakikisha hakuna kingine. Amempa dawa, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kila Jumatano aende kuzungumza.

Wifi, nilikuwa na kipimo kimoja, mama. Kila aliyekuwa hafanani na mama nilimwona mzima. Na wewe nilikwambia tatizo ni unavyomsemesha. Sijui hilo nitalifuta na nini.

Nitakaa mpaka mwisho wa mwezi, kazi wakinifukuza wanifukuze. Foronya zako sijazigusa.

Wifi yako

•

13 Mei

Wifi,

Nimeisoma mbele ya mama yangu kwa sauti, nikafika kwenye kupiga meza nikashindwa kuendelea, akamalizia yeye.

Nitakuwa mkweli. Nimefurahi, na nimekukasirikia upya. Mimi niliviona hivi vyote tangu Desemba kwa macho yaleyale mawili. Ilibidi uje uvione wewe ndipo viwepo. Usinijibu hili, nataka tu likae limeandikwa.

Kurudi sijui. Naamini anaumwa, nilikuwa wa kwanza kuamini. Lakini kuamini hakunipumzishi. Nimelala hapa kwetu usingizi wa kweli na nimegundua nilikuwa nimechakaa. Na kuna jambo linanikera, pengine ni la kitoto. Miaka yote hii wewe una barua zake. Watani wake wana utani wao, hata daktari wa vitamini alipata kicheko. Mimi sijawahi kupata chochote kutoka kwake ila "samahani mke wangu." Mwambie ukitaka.

Wifi yako

•

22 Mei

Mke wangu,

Dada amenisomea ulichoandika mwishoni. Nilitaka kukujibu siku ileile, maana nilipata nguvu. Dada akaninyang'anya kalamu. Akasema subiri zikuishie kwanza, ndiyo uandike. Nilimwona mkorofi.

Basi zimeniisha. Leo hakuna barua iliyokuja na hakuna mgeni. Mvua imenyesha, dada yuko sokoni. Nimekaa kitandani, daftari liko juu ya goti kwa sababu mkono siwezi kuushikilia juu. Mistari inapanda na kushuka, utanivumilia.

Hivi ndivyo ninavyokuwa. Sina la kukuchekesha.

Nakusikia ukiniita asubuhi. Siku zote nilikuwa nakusikia. Nikiitika "nakuja" nilikuwa nakuja kweli, kichwani nimeshafika mlangoni. Halafu naona bado niko palepale, na wewe umeshafungua karakana, na nasikia cherehani yako mpaka huku. Naona aibu. Nikiona aibu nazidi kushindwa. Siku uliyonivua viatu nilitaka kukwambia kitu, nikasema samahani kwa sababu ndilo neno jepesi.

(Nimepumzika hapa. Sasa ni jioni.)

Dawa nameza. Sioni tofauti bado, daktari anasema ni mapema. Jana nilipiga misumari kwenye fremu moja, leo sikwenda. Kesho sijui. Nilitaka kuandika kwamba kesho nitaamka, nimekumbuka ahadi zangu, nimefuta.

Sikuombi urudi. Ungerudi leo ungenikuta hivihivi.

Nakuomba kitu kimoja. Dada anaondoka mwisho wa mwezi, na Jumatano inayofuata nina daktari. Ninajijua, nikiona mlango wake nitaanza maneno. Njoo ukae pale pembeni. Nikianza kumchekesha, uniambie ninyamaze.

Mumeo